Mpira uliorushwa karibu saa kumi alfajiri

Kofia ile inaning'inia kwenye chuma cha kitanda, upande wa ukutani. Ni ya buluu, imepauka, na ukingo wake umechanika kidogo pale kidole gumba kinapokaa mtu akiivua. Mwenyewe haivai tena. Kiharusi kilimchukua upande mmoja wa mwili, na mtu anayelala mchana na usiku hana kazi na kofia. Lakini kila ninapobadilisha shuka anaifuata kwa macho mpaka aone imerudi mahali pake.

Nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, hapa Rhode Island. Mzee huyu yuko chumba cha mwisho cha korido yetu. Usiku mmoja, saa nane, nimeshamgeuza na kumtandikia, nikamuuliza ile kofia ni ya timu gani.

"PawSox," akasema. Kisha akakusanya pumzi, maana maneno yake siku hizi hutoka moja moja. "Usiku ule nilikuwepo."

Sikujua usiku upi. Aliliona hilo usoni mwangu.

"Wa raundi 33. Kila mtu hapa mjini atakwambia alikaa mpaka mwisho. Mimi niliondoka."

Akafumba macho. Nikakunja kona za shuka, nikapunguza taa, nikaenda kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango kuandika saa na kutia saini.

Wiki sita sasa, neno lake hilo halijanitoka.

Mimi niliondoka.

Mkesha wa Pasaka

Nimekulia Tanga. Kwetu ukisema mpira hakuna anayeuliza mpira gani. Miaka yote niliyokaa Marekani, besiboli kwangu ilikuwa kelele ya televisheni kwenye sebule ya wazee, watu wamesimama uwanjani kama wanasubiri basi. Lakini neno la mzee lilinisukuma, nikaanza kutumia mapumziko yangu ya usiku kusoma habari za mchezo huo mmoja. Nilisoma kama ninavyosoma barua ya nyumbani, narudi nyuma, narudia mstari.

Ilikuwa Jumamosi, 18 Aprili 1981, mkesha wa Pasaka. Uwanja wa McCoy, mji wa Pawtucket. Wenyeji ni Pawtucket Red Sox, ndio PawSox wa kofia. Wageni ni Rochester Red Wings, kutoka jimbo la New York. Timu zote mbili za ngazi inayoitwa Triple-A, hatua moja tu chini ya ligi kuu. Ni ngazi ya watu wanaopanda na watu wanaoshuka: kijana anayesubiri simu ya kuitwa juu anakaa benchi moja na mwanamume aliyekwishaitwa, akacheza wiki chache, akarudishwa.

Taa za uwanja zilisumbua, mchezo ukachelewa kidogo kuanza. Watazamaji walikuwa 1,740. Baridi ilikuwa kali na upepo ulivuma kutoka mbali uwanjani kuja kwa wapigaji, kiasi kwamba mpira uliopigwa juu ulikuwa kama umefungwa kamba, unakwenda na kuvutwa nyuma.

Katika besiboli kuna jambo moja la kushika, mengine yote yatakuja yenyewe. Mchezo ule hauna saa. Kuna raundi tisa, kila timu inapiga mara moja katika kila raundi. Zikiisha wakiwa sawa, wanaongeza raundi moja. Wakiwa bado sawa, nyingine. Hakuna sare, hakuna penalti. Mrushaji wa timu pinzani anarusha mpira, mdakaji wake akiwa amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji anaupiga, anakimbia kuzunguka besi tatu, ndivyo vituo vya uwanjani, akifanikiwa kurudi alipoanzia ni bao. Mahali hapo pa kuanzia na kumalizia wenyewe wanapaita nyumbani.

Rochester walipata bao raundi ya saba. Pawtucket wakasawazisha raundi ya tisa, ile nusu ya mwisho kabisa, watu wakiwa wameshaanza kufunga vifungo vya makoti. Bao moja kwa moja.

Halafu hakuna kilichotokea. Raundi ya 10, ya 11, ya 15, ya 20. Hakuna.

Raundi ya 21 mdakaji wa Rochester, Dave Huppert, alipiga mpira uliomleta mwenzake nyumbani. Mbili kwa moja. Nadhani kila mtu aliyekuwepo, wa timu yoyote, moyoni alishukuru. Kisha zamu ya Pawtucket ikafika, na kijana mmoja aitwaye Wade Boggs akapiga mpira uliomfikisha besi ya pili na kusawazisha. Baadaye alisema hakujua kama wenzake walitaka kumkumbatia au kumpiga.

Wachezaji walivunja mbao na kukusanya fimbo zilizopasuka, wakazitia kwenye mapipa, wakawasha moto wa kuota mikono. Picha hiyo imenikaa sana: vifaa vya kazi vinachomwa ili kazi iendelee.

Ukurasa uliokosekana

Nilimpigia mjomba wangu simu. Huwa nampigia mwisho wa mapumziko, hapa alfajiri bado nzito na Tanga jua limeshapanda.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Huko hamjalala tu?"

"Nipo kazini, mjomba. Hapa ni saa kumi alfajiri."

"Huku saa tano. Shangazi yako ameshatoka sokoni."

Nikamsimulia. Mjomba alikuwa karani wa zamu za usiku bandarini kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na mambo ya usiku husikiliza kwa makini kuliko mambo ya mchana. Nilipofika raundi ya 25 akanikatiza.

"Ngoja kwanza. Refa alikuwa wapi?"

Swali lake lilikuwa la haki, na jibu lake ndilo lililonishangaza kuliko yote. Ligi ile ilikuwa na kanuni. Raundi mpya haianzi baada ya saa saba kasoro dakika kumi za usiku. Mchezo unasimamishwa, unamaliziwa siku nyingine. Kanuni ilijulikana. Lakini katika kitabu cha maelekezo walichopewa waamuzi mwaka huo, kifungu hicho hakikuwemo. Kilisahaulika. Waamuzi watatu wakatafuta, hawakukiona. Na kwa kuwa hakikuandikwa, hawakuthubutu.

Uongozi wa Pawtucket ukaanza kumtafuta kwa simu rais wa ligi, Harold Cooper. Simu ikalia bila kujibiwa. Usiku wa manane wa Pasaka, nani anajibu simu? Raundi zikaendelea. Meneja wa Pawtucket, Joe Morgan, alibishana na mwamuzi raundi ya 22 akatolewa nje, na badala ya kwenda zake nyumbani akabaki akichungulia mchezo kwenye tundu la ukuta nyuma ya mdakaji.

"Yaani watu wote wale wanaganda kwa baridi kwa sababu ya mstari mmoja kukosekana kwenye karatasi," mjomba akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na kila mmoja anajua kanuni ipo."

"Kila mmoja."

Akanyamaza. Nikamsikia akivuta kiti. "Bandarini tulikuwa tunasema karatasi ndiyo bosi. Mzigo upo mbele ya macho yako, lakini karatasi ikisema haupo, basi haupo."

Hakujua alichonigusa. Nilikata simu upesi, nikasema kengele ya mgonjwa inalia. Haikuwa inalia.

Aponte mlangoni

Luis Aponte, mrushaji wa Pawtucket kutoka Venezuela, alifanya kazi yake mapema, raundi ya saba mpaka ya kumi, kisha akasubiri saa nyingi kwenye baridi mpaka akaruhusiwa kuondoka. Kufika nyumbani, mkewe akamkabili mlangoni. Unatoka wapi saa hizi? Uwanjani, tunacheza. Mke hakusadiki. Na mwanamke huyo mimi simlaumu hata kidogo. Nani angesadiki? Mpira gani unachezwa alfajiri ya Pasaka?

Kinachonigusa ni kwamba gazeti la Jumapili nalo halikuwa na kitu, maana lilikwisha chapwa kabla mchezo haujasimama. Mtu amefanya kazi kweli, amesema kweli, na hakuna maandishi ya kumtetea.

Kutoka kulia

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe.

Ni raundi ya 32. Saa kumi alfajiri inakaribia. Kati ya wale 1,740 wamebaki 19. Mrushaji wa Pawtucket sasa ni Bruce Hurst, kijana aliyeingia raundi ya 28. Kwa Rochester anarusha Jim Umbarger, aliyeingia raundi ya 23 na ambaye mpaka usiku unaisha atakuwa amerusha raundi kumi bila kuruhusu bao hata moja, zaidi ya mchezo mzima wa kawaida, yeye aliyeletwa kama msaidizi. Huppert ndiyo kwanza amepumzishwa baada ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kwa raundi 31. Dallas Williams, wa kati upande wa Rochester, amejaribu kupiga mara 13 bila kufika besi hata mara moja kwa mpira aliopiga.

Upande wa kulia kabisa wa uwanja, mbali na taa, amesimama Sam Bowen wa Pawtucket.

Bowen alishacheza ligi kuu, michezo michache tu, akarudishwa chini. Usiku huohuo aliwahi kupiga mpira mrefu ambao walioutazama waliona umeshavuka ukuta. Ungevuka, Pawtucket wangeshinda na kila mtu angekwenda kulala. Upepo ukaurudisha, Dallas Williams akaudaka. Ukifikiria vizuri, hakuna mtu uwanjani aliyekuwa na haki ya kukata tamaa kumzidi Bowen.

Rochester wanapiga. John Hale, mchezaji wao, yuko kwenye besi. Mpira unapigwa, unaelekea kwa Bowen, na Hale anakimbia. Anaizunguka besi ya tatu, hasimami, anakuja nyumbani.

Nataka uone hesabu ilivyo. Hale akifika, Rochester wanaongoza. Pawtucket watapata zamu moja ya kujibu, wakishindwa, na walikwisha kushindwa raundi kumi mfululizo, mchezo umekwisha. Mashuka ya moto. Watoto wanaamka asubuhi wanawakuta baba zao. Na mchana wa Pasaka timu hizohizo zina mchezo mwingine. Bowen hahitaji kufanya kosa lolote. Inatosha achelewe nusu sekunde. Inatosha mpira uende kidogo upande. Saa hiyo, kwenye baridi ile, hakuna binadamu ambaye angemuuliza.

Bowen aliuokota mpira, akarusha.

Ulikwenda moja kwa moja mpaka kwa mdakaji Roger LaFrancois, na LaFrancois akamgusa Hale kwa mpira kabla hajafika, na aliyeguswa hivyo hana bao. Nje.

Mbili kwa mbili, bado.

Nilisoma aya hiyo nikiwa kwenye chumba cha mapumziko, chai yangu imepoa. Nikairudia. Nilihisi joto la aibu likinipanda shingoni kabla sijajua aibu ya nini.

Nilipomsimulia mjomba siku nyingine, alicheka kwanza, kisha akaacha kucheka. "Kwa hiyo," akasema, "amemzuia mwenzake kufika nyumbani, na yeye mwenyewe akakosa kwenda nyumbani."

"Ndiyo, mjomba."

"Angemwachia tu."

"Hakumwachia."

Nilichoandika nyuma ya mlango

Nimesema pale juu kwamba nilipunguza taa, nikaandika saa na kutia saini. Sikusema kwamba nilitia saini mbili.

Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Usiku wangu huenda hivi: saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Kulia, chali, kushoto. Unaweka mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, unakagua visigino visigandamizwe. Ukiacha, damu haipiti vizuri pale mfupa ulipo karibu na ngozi, na vidonda vya kulalia huanzia hapo. Ni kazi ya dakika tano. Kila ukimaliza, unaandika saa na jina.

Usiku ule tulikuwa wawili kwenye korido nzima. Wa tatu hakuja. Mgongo uliniuma, na kulikuwa na mama mmoja chumba cha pili aliyekuwa akilia. Nikiwa pale mlangoni, kalamu mkononi, nikaandika saa nane, ambayo ilikuwa kweli. Kisha kalamu ikashuka mstari mmoja, nikaandika saa kumi, nikasaini.

Nilikusudia kurudi. Nasema hivyo, na sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba sikurudi.

Saa kumi na mbili nilipomgeuza niliona alama kwenye nyonga ya kulia. Ilikuwa nyekundu, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Nikaibonyeza kwa kidole. Ngozi nzima ukiibonyeza hufifia, kisha rangi hurudi. Ile haikufifia. Nilikaa na kidole changu pale kwa muda, kama ninayesubiri ibadilishe mawazo. Nikaipaka dawa, nikamlaza ubavu wa pili, nikaondoka zamu ilipokwisha. Siku nne baadaye alama ilikuwa imeondoka. Haikuvunjika, haikuwa kidonda. Kwenye karatasi kila mstari umejazwa.

Nilijaribu kujitetea kwa njia nyingi. Nilijiambia Bowen alikuwa mchezaji, analipwa kurusha, kazi yake ilikuwa na wenzake wanane wakimtazama, hata watazamaji 19 ni watazamaji. Mimi nilikuwa peke yangu kwenye chumba chenye giza. Nikajiambia pia kwamba huenda Bowen hakuwaza chochote. Hakusimama pale akapima heshima na usingizi akachagua heshima. Mpira ulikuja, mkono ukafanya kile ambacho umefanya mara elfu nyingi tangu utotoni.

Utetezi huu wa pili nilidhani utaniokoa. Ndio ulionimaliza.

Maana kama hakuwaza, basi ule ulikuwa mkono wake, tupu, bila kichwa kuingilia. Saa kumi alfajiri, mtu amechoka mpaka hawezi kuigiza, kinachotoka ni kile mkono uliokizoea. Mkono wake ulirusha mpira mpaka nyumbani. Wangu ulishuka mstari mmoja ukasaini. Na nikijiuliza kwa ukweli, ile haikuwa mara ya kwanza kalamu yangu kwenda mbele ya miguu yangu. Nimewahi kuandika "amekunywa maji" glasi ikiwa nusu. Nimewahi kuandika "amelala vizuri" kwa mtu ambaye sikumchungulia.

Na yule mzee, mwenye sababu zote za kusema alikuwa mmoja wa wale 19, maana nani angembishia, alisema aliondoka.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Alikuwa na mwanawe mdogo, akasema, amelala begani, na miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi kama samaki. Ndiyo hivyo tu. Hakuongeza neno.

Dakika 18

Simu ya Cooper ilipatikana hatimaye. Alipoambiwa wapo raundi gani, akaamuru wamalize hiyo na wasimamishe. Saa kumi na dakika saba za alfajiri ya Pasaka, wakasimama. Watazamaji 19 wakazawadiwa tiketi za kuingia bure.

Mwisho wake ulikuja 23 Juni. Wachezaji wa ligi kuu walikuwa kwenye mgomo tangu tarehe 12, nchi nzima haina besiboli ya kutazama, basi waandishi wa habari wakamiminika Pawtucket. Watazamaji walikuwa 5,746. Mrushaji wa Pawtucket, Bob Ojeda, akawamaliza Rochester bila bao. Kwa Rochester alisimama Steve Grilli, ambaye usiku ule wa Aprili hata hakuwa mchezaji wao. Mpira wake ukampiga Marty Barrett, Barrett akapewa besi ya kwanza. Chico Walker akapiga vizuri. Russ Laribee akapewa besi ya bure kwa makusudi. Grilli akatolewa, akaingia Cliff Speck, na Dave Koza akapiga mpira wa kushoto uliomleta Barrett nyumbani. Tatu kwa mbili. Dakika 18. Ukijumlisha na usiku ule, saa 8 na dakika 25, na hakuna mchezo mrefu kuliko huo katika besiboli yote ya kulipwa.

Sehemu hii ndiyo inayosimuliwa zaidi, na mimi naipita haraka. Ilikuwa na taa za kamera.

Ila nitasimama kidogo kwa Koza. Wawili kati ya waliocheza mchezo ule waliingia kwenye Ukumbi wa Heshima wa besiboli: Boggs mwaka 2005, na Cal Ripken Jr. wa Rochester mwaka 2007. Ripken usiku ule alicheza raundi zote 33, na baadaye katika ligi kuu akacheza michezo 2,632 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Koza, aliyeumaliza mchezo, hakuwahi kucheza ligi kuu hata siku moja. Zamani ningesema ni bahati mbaya. Siku hizi namfikiria akiwa kwenye besi ya kwanza raundi ya 29, hakuna kamera, anapiga miguu chini ipate joto.

Uzio

Asubuhi moja baada ya zamu nilipanda basi nikaenda kuutafuta uwanja wa McCoy. Nilijua hautakuwepo. PawSox walihamia Worcester, jimbo la jirani, na mwaka 2025 katapila zikaubomoa uwanja ili ijengwe shule ya sekondari. Sijui nilitaka nini pale. Nilisimama kwenye uzio nikajaribu kukisia nyumbani palikuwa wapi, na upande wa kulia ulikuwa wapi, na mpira ulipita hewa ipi. Hakuna cha kukisia. Udongo, mashine, wanaume wenye kofia ngumu. Nikasimama mpaka miguu ikauma, kisha nikarudi kituoni.

Kwenye basi niliamua.

Ubavu wa kulia

Nilimwambia muuguzi wa zamu kwanza. Nilimweleza tarehe, saa, alama, yote. Aliandika. Hakunifokea, na ingekuwa rahisi zaidi kama angenifokea. Nimepewa onyo la maandishi, na kwa miezi mitatu karatasi zangu zinakaguliwa na mtu wa pili. Ule mstari wa saa kumi umepigwa mkato mmoja wa wino mwekundu, na pembeni pameandikwa kwamba haikufanyika. Nimeuangalia mkato huo mara nyingi. Unaonekana kutoka kitandani.

Kisha ilibaki kumwambia mwenyewe.

Nilichagua saa kumi. Nilivuta kiti nikakaa mahali anaponiona bila kugeuza kichwa. Nikamwambia kwamba usiku ule aliponieleza habari za kofia, niliandika nimemgeuza na sikumgeuza. Kwamba alilala saa nne upande mmoja. Kwamba nyonga yake ilipata alama, na nilinyamaza wiki nyingi.

Alinitazama. Nje gari la maziwa lilikuwa likirudi nyuma, linalia ule mlio wake.

"Ubavu upi?" akauliza.

"Wa kulia."

Akafikiri. Kiharusi kilimchukua kulia.

"Huo hausikii kitu," akasema. "Nisingejua."

"Ndiyo. Usingejua."

Mkono wake mzima ukapapasa juu ya blanketi, ukafika kwenye chuma cha kitanda, ukaigusa kofia, ukaiacha.

"Haya," akasema. "Saa imefika. Nigeuze."